Nyumba Ndogo Kamili au Kubwa Isiyokwisha?

SWALI: Ushirika wetu katika mji mdogo unatafuta kiwanja cha kuwajengea wanachama wenye kipato cha chini. Tujenge nyumba ndogo zilizokamilika, au kubwa tuziache nusu?

JIBU: Fedha zikiwa haba, jengeni ile nusu ambayo familia haiwezi kuijenga vyema yenyewe, yaani msingi, nguzo, paa, jiko na choo, kisha acheni nafasi iliyopimwa ili mwenye nyumba aongeze vyumba kadiri apatavyo, kama alivyofanya msanifu majengo Alejandro Aravena na wenzake mjini Iquique, Chile, mwaka 2004. Kuta za pamoja hupunguza gharama (zikiwa nyembamba, zitawagombanisha majirani). Msikimbilie ardhi rahisi iliyo mbali, kwani nauli na mabomba ya maji vitameza akiba hiyo.