Gawio Linalipwa Lini, na Linatoka Wapi? Kuchagua Mifuko ya Hatifungani na Mifuko Mseto kwa Akiba ya Uzeeni

Fedha za kusini mwa Tanzania huja kwa misimu. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, minada ya korosho hufunguliwa kuanzia mwezi wa kumi, na baada ya hapo mkulima aliyelipwa kupitia AMCOS yake, yaani chama cha msingi cha ushirika, hukaa miezi mingi akitoa bila kuingiza, ilhali palizi, salfa ya kupulizia mikorosho, ada za shule na dawa za presha havisubiri mnada. Kwa sababu hiyo, wastaafu wenzangu wa hapa Nachingwea wanaponiuliza ni mfuko upi wa uwekezaji, yaani fedha za watu wengi zinazowekezwa kwa pamoja, unaolipa zaidi, huwaomba kwanza tujiulize gawio la mfuko huo, yaani mapato anayogawiwa mwanachama, linalipwa lini na linatoka wapi. Nimeisimamia mwenyewe akiba yangu ya uzeeni, yaani mkupuo wa mafao pamoja na kiasi ninachotenga kila msimu wa korosho, na maswali hayo mawili yamenisaidia kuliko orodha yoyote ya mifuko iliyofanya vizuri mwaka uliopita.

Nianze na mifuko ya hatifungani, kwa kuwa ndiyo inayobeba chakula cha nyumba yangu. Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji, ulianzishwa mwaka 2019, na sehemu kubwa ya fedha zake hununua hatifungani za Serikali, yaani mikopo ya muda mrefu ambayo Serikali huchukua kwa wawekezaji na kuilipia riba mara mbili kwa mwaka. Mfuko una hatifungani nyingi zenye tarehe tofauti za malipo, na ndiyo maana unaweza kumlipa mwanachama kila mwezi jambo ambalo hatifungani moja haiwezi kulifanya. Mpango wa gawio la kila mwezi huanzia shilingi milioni 10, wa kila nusu mwaka huanzia milioni 5, na anayetaka mapato yake yarudishwe kwenye vipande, yaani sehemu anazomiliki katika mfuko, anaweza kuanza na shilingi 50,000. Mkulima asiye na pensheni anahitaji mpango wa kila mwezi kuliko mtu yeyote, na kwa maoni yangu ni afadhali ajaze vipande vyake kidogo kidogo kwa misimu kadhaa hadi afikishe kiwango hicho kuliko kuuza shamba ili akifikie kwa haraka.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba kiwango cha mapato ya mfuko hakifungwi siku unayojiunga. Mwaka 2021 Serikali ilitoa hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata riba ya hatifungani mpya ya muda huo huo ilishushwa hadi asilimia 12.56. Aliyeinunua ile ya kwanza kwa jina lake ataendelea kulipwa asilimia 15.95 ya thamani ya hatifungani yake hadi iive, wakati mwanachama wa mfuko anapata wastani wa hatifungani zote zilizomo, za zamani na za sasa, na kila fedha mpya zinapoingia hununua kwa viwango vya siku hiyo, hivyo wastani ule hupanda au huteremka polepole. Kwa hiyo mwenye mtaji wa kutosha, afya nzuri na subira anaweza pia kununua hatifungani moja kwa moja, kuanzia shilingi milioni moja, kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa, na kwa sisi wa kusini Benki Kuu ina tawi lake Mtwara, mahali pazuri pa kwenda kuuliza. Anayehitaji kuzitoa fedha bila kutafuta mnunuzi wa hatifungani yake, mfuko unamfaa zaidi.

Kutokana na hilo, mahesabu yangu huanza na pengo la nyumbani. Tuseme matumizi yako ni shilingi 500,000 kwa mwezi na pensheni ni 300,000. Pengo ni 200,000, ambalo kwa mwaka ni milioni 2.4. Mfuko ukikupa asilimia 12 utahitaji mtaji wa milioni 20, ukikupa asilimia 10 utahitaji milioni 24. Mimi hupigia hesabu kiwango cha chini, kwa sababu mzee aliyepanga matumizi yake kwa asilimia 12 kisha akapata 10 hulazimika kuuza vipande ili kujazia, na kila kipande kinachouzwa hupunguza gawio la mwezi unaofuata.

Lakini gawio la hatifungani peke yake halikui pamoja na bei za bidhaa. Hapo ndipo mifuko mseto inapoingia, na naisihi kila familia isiipuuze. Mfuko wa Jikimu, ambao pia ni wa UTT AMIS, huchanganya hatifungani na hisa, yaani sehemu za umiliki, za kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hisa hizo hutoa gawio ambalo hutegemea faida ya kampuni, na bei zake hupanda na kushuka, kwa hiyo gawio la mfuko mseto haliwezi kutulia kama la mfuko wa hatifungani. Faida yake iko mbele zaidi. Chukua shilingi 100,000 unayoipokea kila mwezi leo bila kuongezeka: bei za bidhaa zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, na lengo la Benki Kuu ni mfumuko wa kati ya asilimia 3 na 5, baada ya miaka 10 fedha hiyo itanunua vitu vya takriban shilingi 67,500 za leo. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 anaweza kabisa kuishi miaka 20 mingine, na ninawahurumia sana wazee ninaowaona wameweka kila senti katika gawio la kila mwezi bila kuacha chochote cha kukua. Ninachoweka katika mfuko mseto sikitegemei kwa unga wala mafuta ya taa; nimechagua mapato yake yarudi kwenye mtaji.

Kabla ya kujiunga na mfuko wowote unaotoa gawio, pitia thamani ya kipande kwa miaka kadhaa, ukichukua ile ya siku chache baada ya gawio kulipwa kila mwaka. Ni kawaida thamani kushuka gawio linapotoka, kwa kuwa fedha zimeondoka mfukoni. Lakini kama thamani hiyo ya baada ya gawio inazidi kupungua mwaka hadi mwaka, basi ama mali za mfuko zimeshuka bei, ama unalipwa sehemu ya mtaji wako mwenyewe kwa jina la gawio, na una haki ya kumtaka meneja wa mfuko akueleze ni lipi kati ya hayo. Taarifa za hesabu zilizokaguliwa na waraka wa mfuko huonyesha pia gharama za uendeshaji na makato ya kutoka mapema. Vivyo hivyo, hakikisha mfuko umeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, msimamizi wa shughuli hizi nchini, hasa katika miezi ya malipo ya korosho, wakati simu za watu wanaoahidi faida ya asilimia 30 kwa mwezi huongezeka. Hakuna hatifungani ya Serikali inayolipa hivyo hata kwa mwaka.

Fedha za dharura ziwekwe pembeni ya yote hayo. Mimi huacha matumizi ya miezi kadhaa katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kwa sababu malipo yake hutoka mapema kuliko ya mifuko mingine, na safari ya ghafla ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Ndanda au Muhimbili haipaswi kuvunja vipande vinavyolisha nyumba. Jambo la mwisho, jaza jina la mrithi katika fomu, umweleze mwenzi wako namba ya akaunti ilipo, na ufanye naye mahesabu ya gawio angalau kila robo mwaka, ili siku ukiwa kitandani yeye aweze kuyaendesha bila kuwaita ndugu wa mbali.