Gillan alipoondoka, hawakutafuta Gillan mwingine

Wiki hii mmeuliza: bendi ya rock nzito ikiondokewa na mwimbaji, ifanye nini isife? Isihangaike kutafuta sauti ya kufanana na ile iliyokwenda. Igawe upya kazi ya kuimba. Deep Purple ya Uingereza walifanya hivyo mwaka 1973.

Anzeni na albamu ya Januari mwaka huo, Who Do We Think We Are. Walianza kuirekodi Roma, Julai 1972, na karibu kazi yote ya huko ikatupwa. Ukapona "Woman from Tokyo" peke yake. Nyimbo sita nyingine walizirekodi Oktoba huko Walldorf, Ujerumani, kwa studio ya kwenye lori ya bendi ya Rolling Stones. Ian Gillan, mwimbaji, na Ritchie Blackmore, mpiga gitaa, walikuwa wamefika mahali pa kutosemezana, kila mmoja akiingiza sehemu yake kivyake. Katika "Smooth Dancer" Gillan anamsema Blackmore, na gitaa linalomsindikiza ni la Blackmore huyohuyo!

Kwangu mimi, kilichowavunja ni uchovu. Tangu Juni 1970 walikuwa wametoa albamu nne za studio na moja ya jukwaani, huku ziara hazikatiki. Mwaka 1971 Gillan aliugua homa ya ini. Baadaye alisema mameneja walipaswa kuwasimamisha na kuwapa likizo ya miezi mitatu, na naamini hapo alisema kweli. Likizo haikuja. Desemba 1972 akaandika barua ya kuacha kazi, akaendelea kuimba hadi onyesho lake la mwisho Osaka, Japani, tarehe 29 Juni 1973. Mpiga besi Roger Glover naye akatoka.

Besi ikachukuliwa na Glenn Hughes wa bendi ya Trapeze, ambaye pia anaimba, tena sauti ya juu kabisa. Kisha wakamchukua David Coverdale, muuza duka la nguo asiyejulikana, mwenye sauti nzito ya blues. Sikilizeni wimbo wa kwanza wa Burn, albamu ya Februari 1974: Coverdale anabeba beti, Hughes anaingia katikati akiwa juu yake, kisha wanakutana kwenye kiitikio. "Mistreated" kaachiwa Coverdale peke yake, na ilistahili.

Nyimbo za zamani ndizo zenye mtego. Bendi iliyo katika hali hii ichukue orodha ya maonyesho na kuuliza, kwa kila wimbo, watu wanaujia koo au wanaujia ala? "Child in Time" ulisimama juu ya mayowe ya Gillan yanayopanda ngazi kwa ngazi, wakauweka kando. "Smoke on the Water" ukabaki, kwa sababu mtu huutambua kabla hajaimba yeyote: noti nne za Blackmore, nyuzi mbili zikidonolewa pamoja kwa vidole. Beti zake wakapokezana.

Kasoro ya mpango huu iko kwenye rekodi za jukwaani. Hughes huziba kila mwanya kwa sauti za juu, hata pale ambapo Coverdale alihitaji kimya ili neno lake lifike. Waimbaji wawili wakikubaliana nani aimbe wapi, wakubaliane pia nani anyamaze wapi, na hilo lifanyike mazoezini.