Wauzaji katika kundi la wakutubi: nani aingie, kwa masharti gani

Kila kundi la wakutubi mtandaoni, liwe la barua pepe, la WhatsApp au la Telegram, hufika siku likapata ombi kutoka kwa mtu wa kampuni. Anauza mfumo wa maktaba, au hifadhidata, au vitabu vya kielektroniki, au rekodi za katalogi. Kama ndiyo kwanza umekabidhiwa uadmini, utaulizwa umkubali au umkatae, na wanachama watagawanyika palepale. Kabla hujapiga kura yoyote, angalia kwanza kundi lenu linazungumza nini. Mkijadili hitilafu za kiufundi, mnamhitaji. Mkijadili bei, hafai kuwepo hata kwa dakika tano. Makundi mengi yanachanganya yote mawili, na ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Ushauri wetu ni kumwingiza, kwa jina lake na jina la kampuni yake, kisha mazungumzo ya bei, leseni na zabuni yahamie kundi la ndani ambalo haingii. Wengine hupenda kumfungia mlango kabisa. Shida ni kwamba hawamfungii: atasoma kupitia mteja wake mmoja anayemtumia ujumbe, au ataingia kwa barua pepe binafsi isiyotaja kampuni. Afadhali muuzaji unayemwona.

Faida yake iko wapi

Chukua mfano wa rekodi za MARC, yaani maelezo ya vitabu yaliyoandikwa kwa muundo ambao mifumo ya maktaba huusoma, kila taarifa kwenye sehemu (fildi) yenye namba yake. Maktaba imenunua kifurushi cha vitabu vya kielektroniki, na kampuni inatuma rekodi mpya kila mwezi. Mara nyingi mfumo hupangwa utambue rekodi ya zamani kwa namba iliyo kwenye fildi ya 001, kisha uweke mpya mahali pake. Kampuni ikibadilisha utaratibu wa namba hizo bila kutangaza, mfumo hauoni kinachofanana, kwa hiyo unaingiza kila rekodi kama kitabu kipya. Msomaji akitafuta anakuta kichwa kilekile mara mbili; kiungo kimoja cha fildi ya 856 kinafunguka, cha pili kimekufa. Mkutubi asiyejua chanzo ataanza kufuta rekodi moja moja, na mwezi ujao zitarudi. Fundi wa kampuni akiwemo kundini, jibu ni la sentensi mbili: namba za zamani zimehamishiwa fildi ya 035, badilisha kanuni ya kulinganisha kwenye mfumo wako, kisha pakia faili upya. Jibu linabaki pale kwa kila maktaba yenye kifurushi hicho. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ripoti za matumizi, zinazoonyesha kila jarida limesomwa mara ngapi, nazo ni hivyo hivyo. Jarida linalosomwa sana likionyesha sifuri miezi miwili mfululizo, usikimbilie kulikata. Uliza kundini kama maktaba nyingine zinaona sifuri hiyo hiyo. Zikiiona, huenda jarida limehamishiwa jukwaa jingine, au kitambulisho chake kimebadilika, na usomaji wake unahesabiwa mahali ambapo ripoti yako haigusi. Mtu wa kampuni anaweza kulithibitisha hilo siku hiyo hiyo, wakati tiketi ya msaada ingezunguka mezani kwa wiki nzima.

Wala ushirikiano huu si jambo jipya. Kanuni za COUNTER, ambazo ripoti hizo zinazifuata, zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na wakutubi, wachapishaji na wauzaji wakiwa meza moja. Mwongozo wa KBART wa mwaka 2010, unaoeleza orodha za majarida ya kielektroniki ziandikweje ili kiungo kimfikishe msomaji kwenye makala yenyewe, ulitungwa kwa njia hiyo hiyo. NASIG, chama cha Amerika Kaskazini cha watu wa majarida kilichoanza mwaka 1985, kimekuwa na pande zote mbili ndani yake tangu mwanzo.

Kwa upande wa programu huria, kumtenga muuzaji hakuwezekani kabisa. Koha, mfumo huria wa maktaba, ilianzia New Zealand, ikatolewa bure mwaka 2000, na sehemu kubwa ya kazi yake leo inafanywa na kampuni zinazolipwa kusimika na kutunza mfumo huo. Ukiwaondoa watu hao, unabaki na kundi la wenye maswali.

Hasara, na kwa nini bei ihame

Mkutubi anayeandika "mkataba wetu unaisha Desemba na bado hatuna mbadala" amempa mwakilishi wa mauzo karibu kila anachohitaji: tarehe, haraka, na ukosefu wa pa kukimbilia. Akiongeza na ukomo wa bajeti, ofa itakayokuja itagusa ukomo huo. Hakuna ujanja hapo wala wizi. Mwakilishi analipwa kwa kazi hiyo.

Zabuni ni hatari zaidi. Ukiweka rasimu ya mahitaji ya mfumo mpya mbele ya kampuni moja iliyomo kundini, zile zisizokuwemo zina haki ya kulalamika kwamba mwenzao aliona mapema. Ununuzi unaweza kusimamishwa na mchakato kurudiwa. Zaidi ya hayo, wauzaji wanaoshindana hawapaswi kukutwa wakijadili bei mahali pamoja. Sheria za ushindani katika nchi nyingi ni kali juu ya hilo, na kampuni makini zitakushukuru ukiyahamisha mazungumzo hayo.

Hata kwenye kundi la ndani, soma mkataba wako kabla ya kutaja tarakimu. Leseni nyingi zina kifungu cha usiri kinachokataza kutaja bei kwa mtu wa nje, na maktaba jirani ni mtu wa nje. Mwaka 2009 Association of Research Libraries, yenye maktaba kubwa za utafiti za Marekani na Kanada, iliwahimiza wanachama wake wasisaini mikataba yenye vifungu hivyo. Nasi tunasema vivyo hivyo: kipinge kabla ya kusaini. Ukishasaini, kinakufunga.

Hasara inayouma kuliko zote haionekani kwa macho: watu kunyamaza. Mkutubi mgeni anauliza kama mfumo fulani unakwama ovyo, na kesho yake mwakilishi anampigia mkuu wake kulalamika kwamba mtumishi wake anaichafua kampuni. Tukio moja la aina hiyo likijulikana, hakuna atakayeuliza tena. Hili kwetu halina onyo. Muuzaji anayepeleka maneno ya kundini kwa mwajiri wa mwanachama anatolewa siku hiyo hiyo.

Nawe mkutubi andika malalamiko yanayothibitika: jina la bidhaa, toleo, tarehe, ujumbe wa kosa kama ulivyotokea kwenye skrini, na hatua ulizojaribu. "Kampuni hii ni matapeli" haimsaidii mwenzako kitu, na inaweza kukufikisha mahakamani. Mwaka 2012 mchapishaji mmoja wa vitabu vya kitaaluma alimfungulia kesi mkutubi wa chuo kikuu nchini Kanada kwa tathmini kali aliyoiandika mtandaoni miaka miwili nyuma. Mchapishaji aliiondoa kesi yake mwaka 2013 baada ya kelele nyingi za wakutubi, lakini si kila mtu atapata watu wa kumpigia kelele.

Utaratibu unaofanya kazi

Anza na fomu ya kujiunga yenye maswali manne: jina kamili, taasisi au kampuni, kazi unayofanya, na nani anakulipa kwa kazi hiyo. La nne linaonekana la ukali, ila ndilo linalowanasa washauri wa kujitegemea na wakutubi wanaolipwa kamisheni pembeni. Atakayeficha akigundulika, anatolewa kwa kuficha, hata kama hakuwahi kutangaza chochote.

Kisha jina la kampuni lionekane kwenye kila ujumbe: kwenye barua pepe chini ya jina, kwenye WhatsApp na Telegram ndani ya jina lenyewe la wasifu.

Kabla ya kumwingiza mtu wa kwanza, kagua mipangilio. Katika kundi la kawaida la WhatsApp kila mwanachama anaona namba za wenzake wote, maana yake ni kwamba ukimkubali muuzaji umemkabidhi orodha ya simu za wateja. Kama hamuwezi kuvumilia hilo, wauzaji wakutane nanyi kwenye kundi la barua pepe ambalo orodha ya wanachama inaonekana kwa maadmini tu. Mpangilio huo mara nyingi unakuja ukiwa wazi, ufunge mwenyewe.

Kanuni zenyewe ziwe fupi, zienee kwenye skrini moja ya simu. Zetu zingesomeka hivi:

"Mtu wa kampuni anaweza kujibu bidhaa yake ikitajwa, na jibu liwe ndani ya ujumbe, si 'nitafute inbox'. Tangazo ni moja kwa mwezi kwa kila kampuni, lianze na neno TANGAZO, bila kiambatisho. Hakuna kumtumia mwanachama ujumbe binafsi wa kibiashara kama hakuomba. Hakuna kusema ubaya wa mshindani. Maneno ya humu hayaendi kwa mwajiri wa mtu."

Hilo la jibu kuwa ndani ya ujumbe ndilo litakalovunjwa zaidi. "Nicheki pembeni nikusaidie" linasikika kama ukarimu, lakini linaligeuza swali la wote kuwa mteja wa mmoja, na suluhisho linapotea. Mwombe arudi aandike jibu hadharani.

Jihadhari pia na maswali ya kupandwa. Mtu ambaye hajawahi kuandika anauliza, "Jamani, kuna mfumo mzuri wa maktaba ya shule?" Dakika chache baadaye mwingine, naye kimya siku zote, anajibu kwa aya tatu zilizonyooka na kiungo cha bei. Usiwafukuze kwa hisia. Muulize kila mmoja faraghani anafanya kazi wapi. Jibu, au kukosekana kwake, litakutosha.

Adhabu iwe ya mtu, si ya kampuni, vinginevyo mnampoteza fundi kwa kosa la mwenzake wa mauzo. Ukiacha kuficha na kupeleka maneno kwa mwajiri, ambayo hayana onyo, kosa la kwanza ujumbe wa faragha, la pili kusimamishwa siku 30, la tatu kutoka. Maadmini wawe watatu, na asiwepo hata mmoja anayelipwa na kampuni. Ikiwa kampuni inagharamia jukwaa lenu, litangazeni hilo kwenye maelezo ya kundi. Wanachama wakiligundua wenyewe, hakuna uamuzi wenu watakaouamini tena.

Ukiwa wewe ndiye wa kampuni

Soma kimya wiki nne kabla ya kuandika. Ukilalamikiwa, jibu mara moja hadharani: tumeliona, tunachojua ni hiki, tutarudi siku fulani. Kisha rudi siku hiyo, hata kama jibu ni kwamba bado. Na mtu akiuliza jambo ambalo bidhaa ya mwingine inalifanya vizuri kuliko yako, mwambie hivyo. Usiweke namba za wanachama kwenye orodha ya wateja ya ofisi.

Wanaohama kazi

Wakutubi huajiriwa na kampuni, na watu wa kampuni hurudi maktaba. Anayehamia kampuni apewe siku 14 kubadilisha maelezo yake, lakini kwenye kundi la ndani atoke siku anayosaini ajira mpya, kwa sababu huko kuna bei za mwajiri wake wa jana na za majirani. Hatajikumbusha, na wenzake wataona haya kumwambia. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka, mwezi mmoja au miwili kabla ya msimu wa kuhuisha mikataba, admini apitie orodha ya kundi la ndani jina kwa jina, na kila mmoja athibitishe kwa barua pepe ya kazini. Asiyejibu ndani ya wiki mbili anaondolewa kwanza, anarudishwa akijitokeza.