Mshahara Mpya, Paa Bovu na Madeni Manne

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Moshono, Arusha, na kwa miaka minne nimefanya kazi ya uhasibu katika kampuni ya utalii kwa mshahara wa shilingi 900,000 kabla ya makato. Sasa nimepata kazi katika taasisi moja mjini Moshi kwa mshahara wa 1,150,000, yenye miezi 6 ya majaribio, na natakiwa kuripoti tarehe 1 Julai. Kinachonivuta si fedha peke yake, kwani huku nilipo watalii wakipungua Aprili na Mei mshahara huchelewa. Kwa kuwa familia itabaki Moshono, nimetafuta chumba Moshi cha 60,000 kwa mwezi, nami nitakuwa narudi nyumbani kila mwisho wa wiki.

Tatizo ni madeni. Benki inanidai 4,800,000 na hukata 210,000 kila mwezi. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu hukata asilimia 15. SACCOS ya kazini, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, inanidai 1,200,000, ninarejesha 100,000 kwa mwezi, akiba yangu humo ni 700,000, na walionidhamini ni wafanyakazi wenzangu wawili. Mwaka jana, mtoto alipolazwa, nilikopa 600,000 kwa mkopeshaji wa mtaani. Hadi leo namlipa riba ya 120,000 kila mwezi na deni lenyewe halijapungua hata shilingi, na kadi yangu ya benki anayo yeye. Mume wangu, ambaye ni dereva wa watalii, hana habari ya deni hili.

Wakati huohuo tunakarabati nyumba. Paa linavuja katika vyumba viwili na fundi ametaka 2,300,000 kulibadilisha. Mume wangu anaona heri tumalize yote kwa pamoja, yaani vigae, dari ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu, na gharama inafika 7,800,000. Benki iko tayari kuniongezea mkopo juu ya ule wa zamani endapo nitapeleka barua ya mwajiri mwezi huu wa Mei. Je, niuchukue kabla sijaaga kazini?

*Mhasibu mwenye deni, Moshono*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiuchukue.

Barua ambayo benki inaitaka ni ya mwajiri kuthibitisha kwamba wewe ni mfanyakazi wake na kwamba mshahara wako utaendelea kupitia benki hiyo. Ukiipeleka huku barua ya kuacha kazi imeshaandikwa, utakuwa umepata fedha kwa maelezo ambayo wewe mwenyewe unajua si ya kweli, na itakapofika Julai bila mshahara kuingia, ofisa aliyekusaidia ndiye atakayekuwa wa kwanza kukutafuta. Isitoshe, bima unayokatwa kwenye mikopo ya namna hii kwa kawaida inahusu kifo na ulemavu wa kudumu. Aliyeacha kazi kwa hiari yake haimhusu.

Kabla hatujafika kwenye paa, wewe ni mhasibu, basi tukae kwenye hesabu, kwa sababu nahofia mshahara mpya umekuvutia kwa tarakimu ya juu. Nyongeza inayoonekana ni 250,000. Katika 900,000 za sasa, mchango wako wa asilimia 10 kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 90,000, kodi kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni 80,500, na Bodi ya Mikopo inachukua 135,000, hivyo unabaki na 594,500. Katika 1,150,000, NSSF ni 115,000, kodi ni 138,500 kwa kuwa sehemu ya mshahara imeingia ngazi ya asilimia 30, Bodi inachukua 172,500, na unabaki na 724,000. Nyongeza halisi, basi, ni 129,500. Ukitoa chumba cha 60,000, inabaki 69,500, na kutoka hapo ulipe nauli ya Arusha na Moshi kwenda na kurudi, safari ya kilomita 80 hivi kila upande, pamoja na chakula cha mtu anayepika peke yake.

Sasa iweke 69,500 hiyo kando ya 120,000 unayompelekea mkopeshaji wa mtaani kila mwezi. Kumalizana na mtu huyo kunakuongezea kipato kuliko kazi mpya yenyewe, na hakuhitaji usaili wala kuhama. Leo, baada ya benki, SACCOS na yeye, unabaki na 164,500. Mwondoe yeye tu, bila kubadili kazi, utabaki na 284,500. Sisemi usiende Moshi. Mshahara unaolipwa kwa tarehe yake una thamani ambayo hesabu hii haiionyeshi, hasa kwa mtu mwenye makato ya lazima. Ninachosema ni kwamba deni dogo kuliko yote uliyonayo ndilo linalokutafuna kuliko yote. Watu wameliita kausha damu, nami sioni sababu ya kulitafutia jina la heshima.

Fedha ya kumlipa unayo, ila hujaiona. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na inamtaka mwajiri, ajira inapokoma, akulipe likizo uliyostahili na hukuichukua. Kama mwaka huu hujaenda likizo, hayo ni malipo yanayokaribia mshahara wa mwezi mmoja, na hata yakikatwa kodi yatafika 600,000 au karibu yake. Kiinua mgongo cha sheria hiyo usikiwekee matumaini, kwa maana hulipwa pale mwajiri anapomwachisha mtu kazi, siyo mtu anapoondoka mwenyewe. NSSF nako ni hivyo hivyo: fao la kukosa ajira halimhusu aliyejiuzulu, na michango yako itaendelea kwa mwajiri mpya kwa namba ileile ya uanachama. Notisi ya anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, kwa hiyo barua yako iwe imepokelewa na kugongwa muhuri kabla Juni haijaanza, lakini isitoke mkononi mwako kabla hujasaini mkataba wa Moshi. Ahadi ya simu si mkataba.

Siku ya kumlipa mkopeshaji, usiende peke yako. Nenda na mumeo, ambaye utakuwa umeshamweleza, na malipo yafanyike mbele ya mwenyekiti wa mtaa, iandikwe kwamba deni limekwisha, na kadi irudi mkononi mwako hapohapo. Kesho yake nenda benki ukaifunge kadi hiyo na kupewa nyingine yenye namba ya siri mpya. Akidai zaidi, mkumbushe kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 hakuna anayeruhusiwa kufanya biashara ya kukopesha bila leseni, na kwamba hata wenye leseni wasiopokea amana wamewekewa na Benki Kuu ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 600,000, hiyo ni 21,000. Wewe umekuwa ukitoa 120,000.

SACCOS ni jambo la heshima kuliko la hesabu. Ukiondoka kimyakimya, wenzako wawili wataanza kukatwa kwa ajili yako, na katika mji ambao ofisi za utalii zinafahamiana kama Arusha, habari hiyo itakufikia Moshi kabla hujazoea meza mpya. Omba kwa maandishi kwamba akiba yako ya 700,000 ifidie deni, kwa utaratibu uliomo katika masharti ya chama. Zitabaki 500,000, ambazo kwa 100,000 kwa mwezi zinakwisha ndani ya miezi mitano. Wadhamini wapewe nakala ya makubaliano hayo.

Kwa upande wa benki, nenda mwenyewe kabla ya Juni kwisha ukiwa na mkataba mpya, ueleze tarehe ya kuhama, uombe makato yahamie kwa mwajiri wa Moshi na akaunti ya mshahara ibaki ileile. Kuhamisha makato huchelewa, na mwezi mmoja unaweza kupita bila kukatwa. Mwezi huo lipa 210,000 kwa mkono wako na utunze risiti, kwa sababu taarifa za wakopaji huhifadhiwa, na mkopeshaji wa kesho atazisoma. Bodi ya Mikopo hali kadhalika: mjulishe mwajiri mpya siku ya kwanza, usisubiri akugundue.

Tumefika kwenye nyumba, na hapa mumeo ana haki nusu. Paa linaweza na linapaswa kufanyika mwaka huu. Vigae, jipsamu na aluminiamu visubiri. Dari ya jipsamu chini ya bati linalovuja ni sawa na kupaka poda juu ya kidonda: mvua ya kwanza itachora doa la rangi ya chai pale kwenye kiungo, na ya tatu itaangusha kipande kizima kitandani. Masika yanaisha, vuli kwa kawaida huanza kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, na katikati hapo mna miezi mikavu ambayo, kwa bahati njema, ndiyo miezi ambayo dereva wa watalii anapata safari. Fedha ya paa itoke kwenye msimu wake, nawe uchangie kidogo kutoka kwenye zile 120,000 zilizookolewa, bila mkopo wowote.

Kabla ya kukubali zile 2,300,000, mwombe fundi apande na mumeo, na mumeo awe na bisibisi mkononi. Aichomeke kwenye mbao za kenchi zinazobeba paa na papi zinazopigiliwa bati, hasa pale zinapolala juu ya ukuta. Ikizama kama kwenye mkate, mbao zimekwisha na kazi ni kubwa kweli. Ikigoma, huenda kinachovuja ni matundu ya misumari iliyolegea, au bati zilizopandana kidogo mno, au bonde la paa, pale pande mbili zinapokutana, lililojaa majani, na gharama itashuka sana. Bati zinunueni wenyewe dukani, mkikumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30 ingawa namba yake ni ndogo, kwa maana wapo wanaouziwa kinyume chake. Fundi alipwe kwa hatua, na sehemu ya mwisho asiipate mpaka mmemwaga maji juu ya paa na kukaa ndani mkitazama.

Na katika miezi 6 ya majaribio usiongeze deni la aina yoyote. Ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Januari, ukiwa umethibitishwa na SACCOS imekwisha, mtakaa mzungumzie vigae.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Ni kijana wa Pasua, Moshi. Nilikuwa mhudumu wa hoteli kwa miaka miwili, na Februari mkataba wangu haukuendelezwa. Nadaiwa na programu tano za mikopo ya simu, nakopa hii kulipa ile, na sasa wanawatumia ujumbe watu walio kwenye simu yangu kwamba mimi ni tapeli. Baba mdogo naye anataka nyumba yangu ya kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Kibosho, iwe imepauliwa kabla ya Krismasi. Nianze na lipi?

*Mhudumu, Pasua*

JIBU: Marahaba. Anza kwa kuacha kukopa hii kulipa ile, hata kama wiki ya kwanza itakuwa ya matusi. Kisha kagua kila programu kama ina leseni ya Benki Kuu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, na huenda baadhi ya zako zimo. Zile zenye leseni andika mpango wa kuwalipa na uwatumie, na hakikisha unalipa ulichokopa. Kuwatangazia watu deni lako ni jambo la kulalamikiwa: hifadhi picha za ujumbe huo na uupeleke kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022.

Nenda pia ofisi ya NSSF ukiwa na mkataba uliokwisha. Kwa kuwa hukujiuzulu, uliza kuhusu fao la kukosa ajira, ambalo kwa aliyechangia miezi 18 au zaidi ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Hiyo ni ya kula na kulipa, siyo ya bati.

Kuhusu Kibosho, panda mwenyewe ukamweleze baba mdogo uso kwa uso, mapema, kabla hajawaahidi wageni wa Desemba mahali pa kulala. Nyumba isiyopauliwa haidai riba. Ila mwombe akusaidie kufunika vichwa vya kuta kwa nailoni ama udongo wa saruji kabla ya vuli, maana tofali zikinywa maji msimu mzima utarudia kozi, yaani mistari ya tofali, za juu.