Chianti yako si mbovu, usiitie sukari

SWALI: Nilinunua chupa tatu za Chianti Classico, mvinyo mwekundu wa Italia, tukafungua moja. Rangi yake si nzito, ni chachu, na inakausha ulimi. Rafiki yangu anasema ni feki. Mwingine kanishauri nitie sukari au soda, maana mvinyo halisi, anasema, hujulikana kwa kuwa mtamu na kuchoma kooni. Zile mbili zilizobaki nizifanyeje? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Zinywe, lakini na chakula. Hiyo uliyoieleza ndiyo Chianti Classico yenyewe. Asilimia 80 au zaidi ya zabibu zake ni Sangiovese, aina yenye uchachu wa asili na maganda yanayoacha ukakasi kama wa bibo. Rangi nayo isikutishe. Barolo, mvinyo mwingine mwekundu wa Italia, unaokaa zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuuzwa na bei yake si ya mchezo, una rangi nyepesi zaidi: inamishe glasi juu ya karatasi nyeupe, utaona ukingo una rangi ya tofali.

Watu wa Toscana, mkoa wa Italia unakotoka, huuweka mvinyo huu mezani, penye nyama ya ng'ombe, nyanya na mafuta ya zeituni. Chumvi na mafuta hulainisha ukakasi, na uchachu husafisha mdomo kabla ya tonge linalofuata. Jaribu na mbavu za mbuzi za kuchoma. Kabla ya hapo iweke chupa kwenye friji kama nusu saa, kwa sababu mvinyo huu unataka nyuzi 16 hadi 18, na joto la sebule ya Dar haliteremki hadi huko. Ukiwa na joto, harufu ya kilevi hupanda na ladha yote huvurugika.

Sasa hilo la kuchoma kooni. Nalisikia kila mara, na linanikera kwa sababu linaua. Mwaka 1986, hukohuko Italia, wafanyabiashara walitia methanoli, aina ya kilevi chenye sumu, kwenye mvinyo wa bei rahisi ili kuongeza kiwango cha kilevi. Yapata watu 20 walikufa, na wengine wakapofuka. Ulimi hauwezi kuitofautisha methanoli na kilevi cha kawaida. Kwa hiyo anayekuonjesha, anayewasha kiberiti au anayedondoshea tone kwenye maji ili "kuthibitisha" kinywaji, awe anauza mvinyo au konyagi ya kupima, anacheza na macho yako. Hakuna jaribio la jikoni linaloitambua sumu hiyo.

Wewe kagua chupa. Chianti Classico ina nembo ya jogoo mweusi, na shingoni ina utepe wa serikali ya Italia wenye namba, unaopita juu ya kizibo au kifuniko ili ukatike chupa inapofunguliwa. Ukikuta utepe umekatika kisha ukagandishwa kwa gundi, au kizibo kimesukumwa juu na mvinyo umevuja, iache dukani hata wakikupunguzia bei nusu.