Mabehewa yanaacha reli kwenye pointi: usinunue pointi ya tatu kabla hujapima magurudumu

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Ohio, Marekani, nimemjengea mwanangu reli ya treni za modeli za saizi ya HO juu ya ubao wa futi 4 kwa 8. Kichwa kinapita kila mahali bila shida, ila kuna mabehewa mawili kila yakifika kwenye pointi, pale treni inapochepuka, yanaacha njia, na nikiyasukuma kinyumenyume ndo kabisa. Pointi nimeshabadilisha mara mbili, hela inazidi kwenda. Tatizo ni nini?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Nusu ya jibu umeshaiandika mwenyewe. Kichwa kinapita, mabehewa mengine yanapita, ni yale yale mawili yanayoanguka, na umebadilisha pointi mara mbili hali ni ile ile. Basi mimi pointi naiweka pembeni kwanza, nashika yale mabehewa. Kwenye kazi hii ya kutengeneza treni za modeli naletewa pointi nyingi sana zinazoambiwa mbovu na hazina kosa lolote, na inaniuma maana pointi sio kitu cha bei ndogo.

Kabla ya kupima, angalia gurudumu gani linaanza kupanda na linapandia wapi. Toa kichwa, chukua behewa moja, lisukume kwa kidole taratibu huku simu imelazwa pembeni inarekodi slomo. Hapo utaona sehemu yenyewe: ni kwenye zile ndimi mbili, vipande vya reli vinavyocheza kuchepusha treni, au ni kwenye frogi, ile V ambapo reli mbili zinakatana. Hizi ni shida mbili tofauti kabisa na dawa zake hazifanani.

Kama ni kwenye frogi, na kwa maelezo yako ndo ninapopashuku, elewa kwanza kinachotokea pale. Kwenye frogi reli imekatwa, kuna kijinafasi ili flenji, ule ukingo wa ndani wa gurudumu, ipate pa kupita. Kwa sekunde hiyo gurudumu halina kitu cha kuliongoza, linaweza kwenda upande sahihi wa ile ncha au upande mwingine. Kinacholiokoa ni mwenzake wa upande wa pili wa ekseli, maana ng'ambo kuna kile kipande kifupi cha reli ya kinga kinachomshika mgongoni asisogee, na akishikwa yeye ekseli nzima imeshikwa. Reli kubwa nazo zinafanya hivyo hivyo, hata SGR ya Mombasa–Nairobi ukiangalia kwenye pointi zake utaona reli ya kinga. Na HO ni udogo wa mara 87, upana wa reli yako ni milimita 16.5, zidisha kwa 87 unapata ile milimita 1,435 ya SGR, sasa fikiria kosa la nusu milimita kwako ni sawa na sentimita 4 na zaidi kwenye reli ya kweli, treni gani itapita hapo!

Ndo maana nakwambia upime umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa HO inatakiwa iwe kama milimita 14.5. Yakiwa yameachana sana, reli ya kinga haiwezi tena kulivuta la pili, flenji yake inaenda kugonga ncha ya frogi na kupanda juu. Yakiwa yamebanana sana yanakaba reli ya kinga kwa ndani na behewa linanyanyuka kidogo, halafu linashukia popote. Kalipa ya dijitali, kile kipimio cha milimita, inatosha, ila kwa kuwa uko Marekani nakushauri ununue kile kibati cha kupimia cha NMRA, chama cha treni za modeli cha huko kilichoanzishwa 1935. Hakina bei ya kutisha na kinapima magurudumu, upana wa reli, na zile nafasi za kwenye frogi na reli ya kinga, vyote kwa kitu kimoja. Ukikuta ekseli haiko sawa, shika magurudumu mawili, zungusha huku unavuta au unasukuma kidogo kidogo, usitumie nguvu ya koleo. Za plastiki zilizolegea mimi huwa nazitoa kabisa naweka za chuma.

Na kama kibati kinasema magurudumu yako sawa ila nafasi ya reli ya kinga ni pana mno, gundisha ukanda mwembamba wa plastiki, robo milimita hivi, kwenye upande wa reli ya kinga unaogusa gurudumu. Ni kazi ya dakika kumi.

Sasa la kusukuma kinyumenyume. Geuza behewa uangalie ndoano ya kuungia imefungwa wapi. Kama imefungwa kwenye bogi, kile kigari cha chini chenye magurudumu, ukisukuma nguvu yote inaingia kwenye bogi na kuipinda upande, na kwenye kona ya pointi ndo inakamilisha kuruka. Ikiwezekana hamishia ndoano kwenye bodi ya behewa. Angalia na skrubu za bogi pia, moja ilegezwe iweze kucheza pande zote, nyingine ikazwe kidogo behewa lisiyumbe ila bogi bado igeuke. Halafu uzito: wale wale NMRA wanapendekeza kwa HO gramu 28 za kuanzia ukiongeza gramu 14 kwa kila inchi ya urefu, kwahiyo behewa la inchi 6 liwe kama gramu 112. Likiwa jepesi sana bandika vipande vya madini ya risasi au nati ndani, chini na katikati, na ukishika risasi osha mikono, mtoto asiichezee.

Kama video inaonyesha ni kwenye ndimi, hapo ni pointi kweli, ila sio ya kutupa. Mara nyingi ni punje ya kokoto imeganda na gundi kati ya ulimi na reli unayoegemea, ulimi haufungi vizuri, flenji inaupata kwa ncha. Funga pointi, chomeka kikaratasi chembamba pale kwenye ncha, kikitoka kirahisi jua kuna uwazi. Safisha, na ncha ikiwa butu inoe kidogo kwa tupa ndogo. Angalia pia kama misumari uliyopigia imekaza sana mpaka mataruma yamebonyea katikati, ni kosa la kawaida sana na linabana upana wa reli. Na baada ya kuchepuka usiunganishe kona ya kurudi upande wa pili hapo hapo, weka kwanza kipande kilichonyooka chenye urefu wa behewa lako refu kuliko yote.

Zile pointi mbili ulizotoa kama bado unazo, zipitishe kwenye kibati hicho hicho. Zikiwa sawa mjengee kijana maegesho ya mabehewa, njia mbili tatu pembeni, atafurahi sana.