Kupima salfa kwa leza: kwa unayeanza maabara ya mafuta Tanga

Mdogo wangu, karibu. Najua macho yako yako kwenye leza, lakini anza na chupa. Mpira huimarishwa kwa salfa kiwandani, kwa hiyo kizibo cha mpira kinaweza kuichafua sampuli kabla hujawasha chochote. Tumia chupa ya kioo, isuuze kwa mafuta yaleyale unayokwenda kupima, na glavu yako isiguse mafuta.

Ukifika kwenye mashine, elewa kinachotokea. Mpigo mfupi mno wa leza hugeuza chembe ya mafuta kuwa plazma, yaani gesi moto mno yenye chaji za umeme, na kila elementi ndani yake hutoa mwanga wa urefu wake wa mawimbi. Mwanga huo huonekana kwenye kipimo kama mistari; mistari imara ya salfa iko karibu na nanomita 181 hadi 183, na hapo oksijeni ya hewa humeza sehemu kubwa ya mwanga. Ndiyo maana tunapitisha nitrojeni au agoni njia nzima ya mwanga. Mistari ya karibu na nanomita 921 hupita hewani bila shida, ila ni hafifu na inadai kitambuzi kinachoona infraredi.

Mafuta ni kimiminika, na kimiminika kikipigwa hurukaruka. Matone hutua kwenye dirisha la lenzi, mwanga unafifia kidogo kidogo, nawe unadhani salfa inapungua. Hili limewadanganya wengi. Rudisha sampuli unayoijua kila baada ya vipimo vichache, na linganisha mstari wa salfa na wa kaboni badala ya kuutazama peke yake. Na kwa unyevu wetu huu wa pwani, lenzi iliyotoka kwenye chumba cha kiyoyozi hufanya ukungu papo hapo. Iache izoee kwanza.

Mafuta rejea, yaani yale ya salfa inayojulikana unayosawazishia mashine, lazima yafanane na unayoyapima. Mafuta ghafi ya Uganda, ambayo bomba lake la kilomita 1,443 linaishia hapa Chongoleani, yana nta nyingi kiasi kwamba bomba lenyewe limesanifiwa kupashwa moto. Ukiyapima kwa mashine iliyosawazishwa kwa dizeli, utapata namba safi isiyo ya kweli.

Sasa ujue leza inafaa wapi. Tangu Januari 1, 2020, kanuni za IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, zimeshusha kikomo cha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.50 hadi 0.50, yaani miligramu 5,000 kwa kilo. Hapo leza hutenganisha haraka na vizuri sampuli zinazozidi kikomo na zisizozidi. Lakini kiwango cha dizeli kilichoanza Afrika Mashariki 2015 ni miligramu 50 kwa kilo, mara mia chini yake. Kwa kiasi hicho mimi siweki saini kwa leza peke yake. Peleka sampuli kwenye mashine ya eksirei au ya mng'ao wa urujuanimno.

Mwale wa nanomita 1,064 hauonekani, na hupofusha. Vaa miwani iliyoandikwa urefu huo wa mawimbi; ya jua si kinga. Na petroli usiipige kabla hujahakikisha gesi ajizi, yaani ile nitrojeni au agoni isiyowaka, imejaa chumba cha sampuli, maana cheche ile inatosha kuwasha mvuke wake.